PAMBO LA KROMU NA KILICHO CHINI YAKE

 

Ndugu zetu Waislamu, katika mitaa yetu ya Mombasa na Malindi huonekana vijana jioni wameinamia pikipiki zao uani, spana mkononi, wakifunga vioo, madigadi na mabomba ya moshi ya kromu ving'aavyo kama fedha. Wako wazee ambao wakiyaona haya husema upesi kuwa ni israfu na kiburi. Sisi hatuwahi kusema hivyo. Mtume s.a.w. alipowaonya watu juu ya kiburi, mtu mmoja aliuliza habari za yule apendaye nguo yake na viatu vyake viwe vizuri. Akajibiwa kwamba hicho si kiburi. Kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Na kijana ashughulikaye na chombo chake nyumbani kwake ni bora kuliko akaaye barazani akawasengenya wapitao.

Suali letu ni jingine: kromu hiyo yafunika nini?

Yafaa ijulikane kuwa kromu ya pambo ni ngozi tu. Unene wake haufiki hata milimita 1 iliyogawanywa mara 1,000. Chini yake kuna nikeli, nayo ndiyo ikizuiayo kutu hasa. Na chini ya nikeli mara nyingi huwa na shaba nyekundu, kisha ndipo chuma chenyewe. Ngozi ile ina nyufa zisizoonekana kwa jicho, na hewa yetu ya pwani ina chumvi. Chumvi ikipenya, kutu huanza chini kwa chini, na juu bado kwang'aa. Kwa hivyo apendaye pambo lake na alioshe kwa maji matamu, alikaushe, kisha alipake nta. Asilisugue kwa waya wa chuma.

Hapa ndipo tukumbukapo habari ya Mtume s.a.w. alipopita sokoni, akatia mkono wake katika chungu ya chakula, vidole vyake vikapata umaji ndani. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamuuliza mbona hakukiweka kilicho rowa juu watu wakakiona, na akamtoa mwenye kughushi katika kundi letu. Basi atakayefunika kwa kifuniko cha kromu bomba lililooza, au vyuma vya mbele vilivyopinda, kisha akaiuza pikipiki kuwa ni nzima, ana tafauti gani na mwenye chungu ile? Mnunuzi wa chakula kile angalipata hasara ya mali. Mnunuzi wa pikipiki hii aweza kupata hasara ya roho, yeye na abiria aliyempakia.

Nabii Daudi a.s. alilainishiwa chuma, na akaamrishwa azipime sawasawa pete za deraya. Angalia, ndugu: kazi ya chuma imeamrishwa kipimo. Kila nati ya pikipiki ina kiasi chake cha kukazwa, nacho kimeandikwa katika kitabu chake; ikilegea hufunguka, ikizidi hukatika. Aondoe kwanza waya hasi wa betri kabla ya kugusa taa. Akibadilisha usukani, augeuze mpaka mwisho kulia na kushoto, aone kuwa hakuna waya uvutwao, na kuwa mkono wa mafuta warudi wenyewe ukiachiliwa. Sahani ya breki isitiwe kromu pale ikamatwapo, wala mafuta ya kung'arishia yasiiguse, maana huteleza. Na baada ya kwenda mwendo mfupi akaze tena. Ama mwenye breki zilizokwisha naye anunua vioo vya kromu, huyo ametanguliza macho ya watu mbele ya shingo ya abiria.

Tena wako wanaotaka kutia kromu wenyewe nyumbani kwa dawa na umeme. Hilo twalikataza kabisa: kromu iliyomo katika dawa zile nyingi ni sumu, na mvuke wake huleta saratani ya mapafu. Mpelekee fundi mwenye mahali pake.

Na bomba lisilo na kizuia sauti, hata liking'aa namna gani, ni udhia kwa jirani mgonjwa na kwa mtoto aliyelala. Vivyo hivyo mwenye pikipiki ya deni, siku ya kulipa imefika na pesa anazo: haki ya mwenye mali itangulie, kioo kingoje.

Limebaki suali la grisi kwa afanyaye kazi hii karibu na magharibi. Alama ya mafuta yasiyo na kiwiliwili haiharibu udhu, lakini grisi iliyoganda juu ya ngozi huzuia maji yasifike, na ni lazima iondolewe. Sabuni na kitambaa viwekwe karibu na spana, adhana isimkute akitafuta.