Kiraka Kinachomwonyesha Mwizi Mlango

Kuna programu inaitwa PCRE. Philip Hazel aliianza 1997 akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, na leo iko ndani ya PHP, kwa hivyo iko ndani ya tovuti nyingi unazofungua ukiwa kwa matatu. Kazi yake ni kutafuta mpangilio wa herufi: hii ni namba ya simu kweli ama ni takataka?

Kabla itafute, lazima itafsiri agizo lako, na huipitia mara mbili. Kwanza inapima nafasi itakayohitajika kwenye memori. Halafu inaandika. Sasa, agizo likipindwapindwa vya kutosha, kipimo kinaweza kutoka kidogo kuliko maandishi. Programu inaendelea tu, kama fundi aliyepewa ploti ya 50 kwa 100 akajenga hadi kwa jirani. Mjanja anaweza kuamua kitakachoandikwa huko kwa jirani. Mwaka wa 2015 makosa ya aina hii yalipatikana kwa PCRE, tena si mara moja.

Kurekebisha mara nyingi ni mistari michache. Kinachonisumbua ni kinachofuata. Msimbo uko wazi, kwa hivyo kiraka kikitoka hata mwizi anakisoma. Analinganisha la jana na la leo, anaona palipo na mshono, anaenda kutafuta wale hawajashona. Yaani kumwokoa anayesasisha leo ni kumwanika atakayesasisha mwaka ujao.

Basi tunyamaze? Kunyamaza hakuzibi tundu, na pengine aliyeliona kwanza hakuwa mtu mwema. Mimi simlaumu anayetoa kiraka. Naona deni linahamia kwetu tuliosoma.

Na hapo ndipo nabanwa. Nilimtengenezea mzee mmoja mwenye duka tovuti, akanilipa, tukaachana. Seva yake bado ina toleo la zamani, na kile kisanduku cha kutafuta bidhaa, nilichounda mimi, kinapitisha chochote mgeni anachoandika kama agizo. Nilijiambia mkataba uliisha. Lakini wateja wanaoacha majina na namba zao pale hawakuwahi kuwa na mkataba na mimi, na ndio wataibiwa. Karatasi itanikinga vipi dhidi ya mtu ambaye hakuisaini?

Jumapili nilimpigia. Akauliza, "Hiyo ni pesa ngapi?"

Nikamwambia ni bure. Akanyamaza kidogo.

"Kwani uliniachia nini huko ndani, kijana?"