Subira ya Mgonjwa wa Viungo na Haki Yake ya Kujua

Subira ya mgonjwa wa viungo ni fadhila pale tu anapojua anachokivumilia. Aliyeelezwa kwamba goti lake limelika, kwamba maumivu yatapungua lakini hayataisha kabisa, akayapokea hayo kwa moyo mtulivu, huyo amesubiri. Aliyeambiwa "ni umri tu, mama", ilhali ana ugonjwa ambao dawa zingeuzuia kumpinda vidole, hakusubiri, amenyimwa. Katika eneo la Mnazi Mmoja na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa riziki ya wengi hapo hutegemea magoti na mikono yao: mbeba magunia, mama lishe anayeinama jikoni tangu alfajiri, fundi cherehani, machinga anayesimama juani kutwa.

Magonjwa ya viungo ni mengi na hayafanani. Wa kwanza kwa wingi ni kuchakaa kwa viungo, au osteoathraitisi, ambako gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika taratibu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 waliishi na ugonjwa huo, na milioni 365 kati yao waliathirika magotini. Baridi yabisi ni kitu kingine: kinga ya mwili hushambulia viungo vyenyewe, hasa vidole vya mikono yote miwili, na huwapata hata wanawake wa miaka 30 au 40. Mwaka huohuo wagonjwa wake walikadiriwa kuwa milioni 18, na takriban asilimia 70 walikuwa wanawake. Jongo nalo hutokana na asidi ya yuriki kuganda ndani ya kiungo.

Mitaani, hata hivyo, maelezo ni mamoja kwa yote: mafuta ya goti yameisha. Ndipo mgonjwa anaposhauriwa ale bamia na kunywa supu ya makongoro ili ute urudi. Bamia ni chakula kizuri, lakini ute wa kiungo hutengenezwa na utando wa kiungo chenyewe, si na utelezi wa chakula. Hatari kubwa zaidi ipo kwenye vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa duka la dawa na kumezwa miezi na miezi bila uangalizi. Dawa hiyo hutuliza kweli, ila huweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuharibu figo. Anayeimeza bila kuambiwa hayo hajaridhia hatari hiyo, kwa maana hakuna aliyemwonyesha.

Wengine huona kuwa kutafuta maelezo mengi ni kupingana na kadari. Mafundisho ya dini hayaungi mkono rai hiyo. Katika hadithi iliyopokewa na Usama bin Sharik, iliyomo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi, Mtume Muhammad aliwahimiza watu watafute matibabu, akabainisha kuwa kila maradhi yana dawa yake isipokuwa uzee. Khalifa Umar alipogeuza safari ya Sham kwa sababu ya tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka katika kadari ya Mungu na kuingia katika kadari yake nyingine. Kwa upande wa Wakatoliki, sura ya 38 ya kitabu cha Yoshua bin Sira huagiza tabibu aheshimiwe na dawa zisidharauliwe, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeziumba.

Uzee kuondolewa katika hadithi ile ndiko kunakohitaji uangalifu. Kama kila goti linalouma litaitwa uzee, basi ruhusa ya kutafuta dawa itakuwa imefutwa bila mtu kukusudia. Mpaka kati ya uzee na ugonjwa hauonekani kwa macho. Hujulikana kwa kumpima mgonjwa na kumsikiliza. Hata uzee wenyewe haumfungi mtu asifanye lolote, maana kupunguza uzito na kuimarisha misuli ya paja humsaidia mwenye goti lililochakaa katika umri wowote.

Swala inaonyesha jinsi ibada na elimu ya afya zinavyoshikana. Hadithi ya Imran bin Husayn katika Bukhari inamruhusu mgonjwa aswali kwa kukaa asipoweza kusimama, na kwa kulalia ubavu asipoweza kukaa. Katika fikihi ya Kishafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, kusimama ni nguzo kwa anayeweza. Mwenye goti bovu, basi, anapaswa kujua anachoweza: je, maumivu ya kusujudu yanaashiria madhara, au ni maumivu ya kiungo kigumu kinachohitaji kuzoeshwa? Imamu hawezi kujibu hilo peke yake. Fikihi yenyewe humrudisha mgonjwa kwa tabibu mwaminifu, na tabibu asiyeeleza huwaacha imamu na mgonjwa wote wawili gizani.

Tanzania imewahi kufanya kazi ya kuwaelimisha wananchi kuhusu afya kwa ukubwa wa kustaajabisha. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu na kujadiliana. Viongozi wa vikundi walikuwa wananchi wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Mada zilikuwa malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, viungo havikuwemo. Muundo wake, hata hivyo, unafanana sana na ule uliobuniwa baadaye na Kate Lorig katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ambapo wagonjwa wa viungo hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 6, mara nyingi wakiongozwa na mgonjwa mwenzao. Ripoti ya mwaka 1993 ilionyesha kuwa miaka 4 baada ya mafunzo maumivu yalikuwa yamepungua kwa asilimia 20 na safari za kwenda kwa daktari kwa asilimia 40. Kilichowanufaisha zaidi hakikuwa wingi wa habari walizokariri, bali imani kwamba wanaweza kufanya jambo kuhusu hali yao. Imani hiyo haigombani na tawakali. Anayemtegemea Mungu huku akinyoosha goti lake kila asubuhi hajapunguza tegemeo lake hata kidogo.

Dawa ya methotreksati, inayotumika sana kwa baridi yabisi, yatosha kuonyesha kwamba kueleza ni sehemu ya tiba. Humezwa mara moja kwa wiki. Mgonjwa aliyezoea bahasha za dawa zilizoandikwa 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, akaimeza kila siku, anaweza kufa. Foleni nje ya mlango wa daktari haipunguzi wajibu wa kulitamka neno hilo la "mara moja kwa wiki", na kumwomba mgonjwa alirudie kwa kinywa chake.

Anayeamka na vidole vilivyokakamaa kwa zaidi ya nusu saa, wiki baada ya wiki, na aende hospitali sasa, aulize ugonjwa wake unaitwaje na dawa yake inafanya nini. Baridi yabisi ikitibiwa mapema hudhibitika. Mfupa ukishalika, haurudi.