Je, Mpango wa Bustani Waweza Kuwa Dhambi?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Imetufikia barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani, ambaye kwa miaka mingi ana duka katika mji wa Oyugis, kaunti ya Homa Bay, kando ya barabara itokayo Kisii kwenda Kisumu. Nyuma ya nyumba yake ana kiwanja cha hatua 20 kwa 10, na kila mwaka hukilima mboga. Asema kuwa masika yakaribia, ambayo Wajaluo huyaita chwiri, naye amekwisha kuupanga msimu wake: matuta mangapi ya sukuma wiki, mangapi ya mnavu, mangapi ya kunde. Lakini katika mpango huo ametia na jambo la pili. Jirani yake ni mjane wa Kijaluo mwenye watoto, si Mwislamu, na msimu uliopita alikuwa akija kuomba mboga mara kwa mara. Mwaka huu ndugu yetu amekusudia kuzungusha seng'enge, kutia mlango wa kufuli, na kuchuma alfajiri mapema ili mjane yule ajapo akute matuta yamekwisha kuchumwa. Kisha auliza: je, nina dhambi katika hili, na hali hata jani moja halijaota, wala sijamnyima mtu kitu?

Swali hili lahusu kiwanja kidogo, lakini ndani yake mna jambo ambalo wanavyuoni wamelizungumza tangu zamani: je, mtu huandikiwa alilolipanga kabla hajalitenda? Tumeona ni wajibu kulijibu hadharani, kwani wengi wetu, hata tusio na shamba, tuna mipango kama hii vifuani mwetu.

Kwanza twapenda kumwondolea ndugu yetu shaka moja. Kupanga msimu ujao si upungufu wa kumtegemea Mungu. Nabii Yusuf alimpangia mfalme wa Misri kilimo cha miaka 7, akamwelekeza nafaka iachwe mashukeni mwake ila kidogo cha kuliwa. Na Mtume wetu alipoulizwa na mwenye ngamia kama amwache huru na kutawakali, alimwamrisha amfunge kwanza kisha atawakali. Basi anayekaa akingoja mvua inyeshe ndipo atafute jembe na mbegu, huyo hakutawakali, bali amezembea.

Na huko Oyugis mpango wa bustani una uzito kuliko wanavyodhani watu wa mjini, wanunuao fungu la mchicha sokoni Kongowea. Mahindi yapandwayo mwanzo wa masika hayawi tayari ila baada ya miezi 4 au zaidi, na ghala za mwaka uliopita huanza kuwa tupu kwenye Aprili na Mei. Hiyo ndiyo miezi ya njaa. Lakini mchicha, uitwao na Wajaluo ododo, na majani ya kunde, waitayo bo, huchumwa baada ya wiki 3 au 4 tu. Mgagani, ambao wao huuita dek, na mnavu, ambao kwao ni osuga, hazikawii sana baada ya hapo. Kwa hivyo mboga ndizo zimvushazo mtu kutoka mvua ya kwanza mpaka mavuno. Anayebisha hodi mwezi wa Mei kuomba mboga haombi anasa. Aomba kitu cha kushushia ugali mdogo alio nao.

Sasa twende kwenye swali lenyewe. Wanavyuoni wamepambanua mambo yapitayo moyoni. Liko wazo lipitalo kama upepo, mtu asilolikaribisha. Hilo hana lawama nalo. Iko hamu, nayo ni moyo kuelekea jambo na huku ungali wasitasita. Na iko azma, nayo ni kukata shauri na kuanza kutengeneza njia za kulifikia. Mtume ametubashiria kuwa mwenye kukusudia jema akazuilika huandikiwa jema kamili, na mwenye kukusudia baya kisha akaliacha kwa kumwogopa Mola wake naye huandikiwa jema. Hizo ni rehema kubwa. Lakini pia ametufunza kuwa Waislamu wawili wakikutana kwa panga zao, muuaji na muuawa wote wawili wamo Motoni. Na alipoulizwa habari ya muuawa, alieleza kuwa naye alikuwa na pupa ya kumwua mwenziwe. Basi mpango ni wa daraja gani? Aliyepima seng'enge, akauliza bei ya kufuli, akachagua na saa ya kuchuma, hakupitiwa na wazo tu. Huyo ameazimia.

Tena dalili iliyo karibu zaidi na bustani kuliko zote imo katika Suratul Qalam. Mwenyezi Mungu ametupa humo kisa cha watu wa shamba, na wafasiri wengi wamesema lilikuwa Yemen, karibu na Sanaa. Imepokewa kuwa baba yao alikuwa akiwawekea masikini sehemu yao kila mavuno. Alipokufa, wanawe wakaona kuwa wao ni wengi na mali ni kidogo. Wakaapa watavuna asubuhi mapema, asiingie masikini hata mmoja. Wakalala na azma hiyo. Usiku likapita shambani mwao lililopita kwa amri ya Mola, wakaamka wakalikuta limeteketea.

Tazama, ewe msomaji, ni lini adhabu iliwafikia. Iliwafikia walipokuwa wamelala, kabla hawajamfukuza masikini yeyote. Hata kikapu kilikuwa hakijainuliwa. Imam Al-Qurtubi ameitolea dalili aya hii kuwa mtu huchukuliwa kwa azma yake. Wala kosa lao halikuwa kuvuna mapema. Kuchuma mboga alfajiri ni jambo jema, kwani majani huwa bado yana maji na hayajanyauka kwa jua. Watu wawili waweza kutoka saa moja, na kisu kimoja, kwenye tuta moja la mnavu. Mmoja akusudia mboga mbichi, na mwingine akusudia jirani asipate. Kwa macho ya mpita njia kazi yao ni moja, na mbele ya Mwenyezi Mungu ni kazi mbili.

Ndugu yetu huenda akasema: "Kiwanja changu ni kidogo, na nina watoto. Je, niwanyime wanangu nimpe wa mtu mwingine?" La, hatusemi hivyo. Nafaka ya watu wa nyumbani ni wajibu nayo yatangulia, na sadaka iliyo bora ni ile itokayo baada ya kuwatosheleza uwalishao. Asiyekuwa na ziada hana lawama. Lakini na tuwe wakweli wa nafsi zetu. Mtu ambaye sukuma wiki yake huzeeka shinani mpaka kuku wakaila, kisha akasema haimtoshi, huyo haongozwi na haki ya watoto. Aongozwa na uchovu wa kuombwa. Uchovu huo twaujua, na si jambo la kudharauliwa. Lakini dawa yake si kufuli.

Huenda pia akasema: "Si wa dini yetu." Jawabu ni kwamba haki ya ujirani haiondoki kwa kutofautiana dini. Abdullah bin Amr, sahaba wa Mtume, alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yao Myahudi amekwisha kupelekewa. Na Mtume alimfundisha Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi ili awakumbuke majirani zake. Utaona kuwa hayo ni mafunzo ya mpango. Maji huzidishwa wakati sufuria ingali jikoni. Mchuzi ukishapakuliwa, anayekumbuka jirani hana cha kumpelekea ila makombo.

Basi hii ndiyo nasaha yetu, nayo ni ya vitendo. Ndugu yetu na aurudie mpango wake kabla ya mvua. Katika matuta yake na atenge mstari mmoja, na auambie moyo wake tangu siku ya kupanda kuwa mstari huu ni wa jirani. Uwe mwanzoni mwa tuta, si ule wa mwisho chini ya ukuta usikofika jua. Kwani Mola wetu ametukataza kuchagua kilicho kibaya tukakitoa, na hali sisi wenyewe hatungekipokea ila kwa kufumba macho. Mwenye kuamua mapema hahangaiki kila abishiwapo hodi. Neno lilikwisha kukatwa, na uso wake waweza kukunjuka.

Kisha na afanye lililo bora kuliko hilo. Katika mnavu na mgagani na achague mashina mazuri kuliko yote, asiyachume, ayaache yazae mbegu. Tunda la mnavu likiiva hukamuliwa, mbegu zikaoshwa na kuanikwa kivulini. Sukuma wiki katika nchi ya joto ni nadra kutoa mbegu, na mbegu zake hununuliwa dukani. Lakini hizi mboga za kienyeji mbegu yake yatoka bustanini kwa mwenye subira. Na ampe jirani yake sehemu ya mbegu hizo, kwani apewaye majani leo hana budi kurudi kesho, lakini apewaye mbegu arudi kama mwenzio katika kilimo, na uso wake umesitirika. Kwa miaka mingi sheria ya mbegu ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, iliwatia wakulima khofu ya faini na kifungo kwa kuuziana na kubadilishana mbegu zisizosajiliwa. Mwaka 2022 wakulima wadogo walikwenda mahakamani, na Novemba 2025 Mahakama Kuu iliwapa haki. Ikiwa watu wamepigania kortini kupeana mbegu, yatufaa sisi tusijifunge kwa ubakhili wetu wenyewe.

Ama seng'enge ya kuzuia mbuzi na kuku haina ubaya, wala hatumkatazi mtu kuilinda mali yake. Tunalolikataza ni lile la baadhi ya watu wetu, wanaofukia fingo na kutundika kago shambani ili mwizi avimbe tumbo. Huo ni upotofu ulioongezwa juu ya ubakhili. Mtume ametufunza kuwa Mwislamu hapandi mti wala hapandi mmea, akala humo mtu au ndege au mnyama, ila huwa ni sadaka yake. Mwenye kuliamini hili atafukia fingo kwa sababu gani?

Na nyinyi wenzetu wa Mombasa na Lamu na Malindi, msidhani kuwa maneno haya ni ya mtu wa Oyugis peke yake. Nyuani mwetu tuna asumini na mrihani, na nafasi ya mashina kumi ya mchicha haikosekani. Na asiye na ua ana mshahara, au duka, au chombo cha kuvulia, na kila mwanzo wa mwezi hukaa akahesabu. Katika hesabu hiyo, jirani ametiwa au amefungiwa nje?

Kwa ndugu yetu twasema: ikiwa umebadili azma yako kwa kumwogopa Mola wako, basi matumaini yetu ni kuwa umekwisha kuandikiwa jema, na bado hujapanda hata mbegu moja. Hata wale watu wa shamba walitubu, wakataraji Mola wao awabadilishie lililo bora. Mvua ingali mbele, na mpango wako waweza kuusahihisha leo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu ajaalie msimu huu uwe wa baraka kwa wote, na azitakase azma zetu kabla ya vitendo vyetu. Amin.