Mlinzi Asiyeuliza

Mwaka 1962, mwanasayansi wa Kiitalia Ferruccio Ritossa alichapisha jambo aliloliona kwa bahati: kromosomu za inzi wa matunda waliopata joto kupita kiasi zilivimba mahali pasipotarajiwa. Baadaye ilieleweka kuwa pale ziliamka jeni zinazotengeneza protini za mshtuko wa joto.

Kazi ya protini hizi ni ulezi. Protini nyingine ikianza kupoteza umbo lake kwa sababu ya joto, huishika na kuisaidia isiharibike. Mpunga unaochomwa na jua la Usangu unazo. Mwili wangu unazo pia.

Lakini mlezi huyu haulizi anamlea nani. Seli ya saratani imejaa protini zenye kasoro ambazo zingevunjwa mapema. HSP90 huzishikilia zisianguke. Mwaka 2007, Susan Lindquist na wenzake walionyesha kuwa panya wasio na HSF1, swichi ya ulinzi huu, hawapati saratani kwa urahisi. Hata hivyo, kumfukuza mlezi si rahisi, maana seli zenye afya nazo zinamtegemea. Majaribio ya dawa za kuzuia HSP90 yalichukua miaka mingi kabla Japani haijaidhinisha mojawapo, pimitespib, mwaka 2022.

Je, kulinda ni wema? Ninasoma Mbeya, kwetu ni Iringa. Shangazi alipogundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, wakubwa walikubaliana asiambiwe. "Hofu itamuua kabla ya ugonjwa," alisema baba mdogo, na alisema kwa upendo. Shangazi akaambiwa ni uvimbe wa kawaida, aende Dar es Salaam kwa vipimo zaidi. Uvimbe wa kawaida unaweza kusubiri mavuno. Naye akasubiri, akavuna mahindi yake yote, ndipo akapanda basi.

Ukimya uleule uliomkinga na hofu uliukinga pia ugonjwa. Mkono ulikuwa mmoja.

Wapo watakaosema nia ndiyo kipimo: aliyelinda kwa upendo hana lawama. Nadhani hoja hiyo inaifaa protini zaidi kuliko mtu. HSP90 haina lawama kwa sababu haina namna ya kujua imeshika nini. Sisi tulikuwa na namna, tena rahisi: shangazi alikuwa amekaa chumba cha pili, akili zake timamu, na angeweza kuulizwa anataka kulindwa na nini.