Kila Mtu Mbele ya Nyumba Yake



Tusomapo Nehemia mlango wa 3, mara nyingi tunayaruka majina yale mengi. Tusiyaruke. Wamo makuhani, wafua dhahabu na wafanya biashara, na Shalumu pamoja na binti zake. Wamo pia wakuu wa wilaya. Malkiya, mkuu wa wilaya ya Beth-hakeremu, alipewa Lango la Jaa, njia ya takataka, akalijenga bila kuona haya. Wengine walijenga palipoelekea nyumba zao. Kwa siku 52 ukuta wote ukasimama.

Ardhi nayo ni ukuta wetu, na sisi wa Mkoa wa Dodoma twajua jinsi ubomokavyo. Huko Kondoa makorongo yalikula vilima, na mchanga ukafunika mashamba ya bondeni. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Makinga maji yakachimbwa, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Majani yakaota tena vilimani.

Lakini tusisahau gharama yake. Wenye ng'ombe walikosa maziwa na samadi, na mifugo yao ikawa mzigo kwa malisho ya jirani. Baadaye ng'ombe wa maziwa waliruhusiwa, wakalishwa zizini. Basi twajifunza mambo mawili: wilaya yaweza kuokoa ardhi, na mzigo wa kuiokoa sharti ugawanywe kwa haki.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka afisa wa mazingira katika wilaya na kamati katika vijiji. Ilikataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini afisa mmoja hawezi kulinda kila kijito. Na maji ya mvua hayajui mpaka wa shamba: mmoja akiacha pengo katika kinga maji, yatapita hapo na kumharibia jirani aliye chini yake, hata kama huyo amechimba vizuri.

Basi tujiulize. Kamati ya kijiji ikiitisha mkutano, Wakristo wapo? Yule mwenye bustani ya mboga ukingoni, ambayo ndiyo ada ya shule ya watoto wake, akiambiwa ahame, nani atampa kipande cha kulima? Na kiwanja cha kanisa kina majani, au kina korongo? Tukumbuke kwamba makuhani ndio waliotajwa kwanza katika kazi ile, na wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama wameandikwa vile vile.

Mvua haijaanza. Tushike majembe sasa, kila mtu mbele ya nyumba yake.

Bwana, aliyetuweka bustanini tuilime na kuitunza, atutie nguvu. Amin.