Sadaka ya Dhambi ya Mnadhiri

Mtu aliyejiwekea nadhiri ya kujitenga kwa ajili ya Mungu, kama ilivyoelezwa katika sura ya 6 ya kitabu cha Hesabu, hakuonja divai wala siki yake, hakula zabibu mbichi wala kavu, hata kokwa na maganda. Wembe haukupita kichwani mwake. Na lau baba au mama yake angefariki, asingeruhusiwa kuikaribia maiti. Torati yamwita mtakatifu siku zote za nadhiri yake. Ajabu ni kwamba, muda ulipotimia, mtu huyo huyo aliamriwa alete, pamoja na sadaka nyingine, mwana-kondoo jike awe sadaka ya dhambi. Dhambi ipi, ikiwa nadhiri hakuivunja?

Torati haikutaja sababu, na wanavyuoni wa Kiyahudi wamejadiliana juu ya kimya hicho karne baada ya karne. Rabi Eleazar ha-Kappar alishika kwamba mnadhiri ni mkosaji kwa kuwa amejitesa kwa kujiharamishia divai. Na rai hiyo Musa bin Maimun, tabibu na faqihi aliyefariki Misri mwaka 1204, aliifanya hoja ya kuwakataza watu wasizidishe juu ya yale yaliyokwisha kuharimishwa na Sheria. Musa bin Nahman wa Girona akaigeuza hoja juu chini: dhambi yake ni kuondoka, maana amekwisha kupanda daraja ya utakatifu, naye sasa anateremka kuyarudia matamanio ya dunia.

Hawa wawili, wajapokuwa mahasimu, wanakutana mahali ambapo naona msomaji wa haraka hupapita: hakuna kati yao aliyeihesabu nadhiri kuwa ni faida tupu. Mmoja atia shaka mlango wa kuingilia, mwingine wa kutokea. Nami naelemea upande wa shaka ya kwanza, kwani nafsi hupenda kujinyima kama ipendavyo kula, maadamu kujinyima nako kuna sifa zake.

Hilo alilijua Simeoni Mwenye Haki, kuhani mkuu, ambaye, kama Talmud inavyosimulia, alikataa kula sadaka za wanadhiri waliotiwa unajisi, akichelea kuwa wameapa kwa hamaki na kujutia siku zilipowarefukia. Ila mara moja tu alikubali. Alimjia kijana kutoka kusini, mwenye macho mazuri na nywele za mawimbi, mchungaji wa kondoo wa baba yake, aliyekwenda kisimani kuteka maji, akaiona sura yake majini, na pale pale matamanio yakamvamia; akaikemea nafsi yake kwa kujivunia isichokimiliki, akaapa kuzinyoa nywele zile kwa ajili ya Mbingu. Kuhani akainuka, akambusu kichwani. Yule hakujinyima ili aonekane. Alijinyima kile alichokuwa akionekana kwacho.

Kisha Hekalu likateketezwa mwaka 70. Mishna yataja wanadhiri waliopanda kutoka uhamishoni wakakuta hakuna madhabahu. Nahum Mmedi aliwauliza kama wangaliapa lau wangalijua litakalotokea. Wakasema la, akawafungulia. Lakini wenye hekima hawakumridhia: aliyeapa kabla ya kuteketea kwa Hekalu, nadhiri yake yamfunga, ijapokuwa mahali pa kutolea sadaka ya kuihitimisha hapakuwapo tena.