Susana Hakunyamaza

Katika Kitabu cha Danieli, sura ya 13, twasoma habari za wazee wawili, waamuzi wa watu, waliomtaka Susana kwa nguvu ya cheo chao. Alikataa, akapiga kelele; nao wakamzushia uzinzi, na mkutano ukawasadiki kwa kuwa walikuwa wazee. Ndipo Danieli akawahoji mmoja mmoja, kila mtu mbali na mwenzake, na uwongo wao ukafichuka.

Wazazi wapenzi, wazee hao wangali wapo. Mwalimu wa chuo amtakaye msichana mwili wake ili ampe alama za mtihani ni mwenzao. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, humhesabu kuwa mhalifu. Na TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu namba 113.

Lakini binti atathubutuje kusema, ikiwa nyumbani huulizwa kwanza alivaa nini? Twawasihi, msikilizeni kabla ya kumhukumu. Nanyi wakuu wa vyuo, chunguzeni kama Danieli. Cheo cha mshtakiwa kisiwatishe. Mkutano ule nusura umwue asiye na hatia kwa kuheshimu mvi. Mungu alisikia kilio cha Susana; nasi tusizibe masikio.